Barua kwa mwanangu Rehema: usikubali wafomati hiyo kompyuta

Mwanangu Rehema,

Meseji yako nimeisoma na zile picha za kioo nimezikuza nikaziangalia vizuri, nimeona nikuandikie kwa kirefu maana kwa kupiga simu salio litaisha kabla sijafika popote. Kabla ya yote mwambie huyo fundi asubiri. Asifomati, asipige Windows upya, na hiyo mazabodi, ile bodi kubwa ya ndani inayobeba kila kitu, anayosema imekufa asiiguse kwanza. Humo kwenye hadi diski kuna picha zote za harusi ya dada yako, kuna za msiba, kuna ile rekodi ya bibi yako akihadithia walivyohama Kilosa, na hata zile ulizoingiza mwenyewe juzi juzi kabla hujaenda chuo. Windows tutaipata wakati wowote, ila sauti ya bibi ikifutika ndo basi tena mama.

Halafu mimi siamini kama kuna kilichokufa. Umenitumia picha mbili na fundi ameiangalia moja tu. Ile ya kwanza yenye maandishi meupe kwenye kioo cheusi inasema saa na tarehe hazijawekwa, ubonyeze F1 kuendelea. Ya pili ndo hiyo ya bluu na chini yake kuna maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, ambayo maana yake Windows imeanza kuamka ikashindwa kuifikia diski iliyomo. Sasa ukiziweka pamoja zinakuambia kitu kimoja, betri ya bayosi, ile programu ya kwanza inayoamsha mashine kabla ya Windows, imeisha. Ni kile kibetri cha duara kama sarafu kimelala kwenye mazabodi, kimeandikwa CR2032, cha volti 3, kazi yake ni kutunza saa na setingi za mashine pale umeme ukiwa umechomolewa. Hapa nyumbani ilikuwa imechomekwa muda wote kwahiyo hata kikiwa kimechoka usingejua, we umeichomoa, ikasafiri kwenye buti la basi mpaka Dodoma, ukaiwasha ikiwa imesahau kila kitu.

Na kati ya vitu ilivyosahau kuna kimoja kikubwa. Diski za SATA, yaani zinazounganishwa na mazabodi kwa waya wa aina hiyo, zinaweza kusomwa kwa namna tofauti, kuna AHCI, kuna IDE, kwenye mashine zingine kuna na RAID, na Windows ikishawekwa kwa namna moja halafu bayosi ikarudi kwenye ile ya kiwandani ambayo ni nyingine, inashindwa kuiona diski inayokaa humo humo, inaleta bluu, inajizima, inawaka, inaleta bluu tena. Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza vitu vyao, kwasababu ukifomati inakubali kweli, Windows mpya inajiweka kwa namna iliyoikuta na mashine inawaka, fundi analipwa na kila mtu anaamini tatizo lilikuwa Windows. Inaniuma sana hiyo maana nimeona wateja pale steshenari wamepoteza hadi tasnifu zao kwa kitu cha kubadilisha neno moja tu kwenye bayosi.

Kwahiyo fanya hivi na usikimbilie. Zima, chomoa waya wa umeme kabisa ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kidogo ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua kava la ubavuni. Kabla hujagusa chochote shika kwanza bati la kasha kwa mkono mtupu, mwili unakuwa na umeme ambao we huusikii ila ramu, vile vibao vya kumbukumbu ya muda, inausikia. Kibetri kimebanwa na kijino cha chuma pembeni, ukikisukuma kijino kwa ukucha au bisibisi ndogo kinaruka chenyewe, na kipya ukiweka upande wenye alama ya kujumlisha unaangalia juu. Hata madukani wanakouza saa na rimoti za magari vipo, na bei yake ni ndogo. Sasa angalia ndani ya kava, nilibandika karatasi nikaandika setingi zote za hiyo mashine, mstari wa SATA nimeandika AHCI. Washa, papo hapo anza kubonyezabonyeza F2, isipokubali zima urudie na Delete, ukiingia weka tarehe na saa, tafuta palipoandikwa SATA uweke AHCI, usibadilishe kingine hata ukikiona kizuri namna gani, sevu utoke. Tarehe usiiruke, maana ikiwa bado iko nyuma miaka hiyo hata tovuti zitakataa kufunguka zikisema siyo salama.

Nategemea itawaka. Isipowaka bado usifomati, kuna mengine ya kuangalia na kava likiwa wazi ni rahisi. Barabara ile inatikisa, waya wa diski unaweza kuwa umelegea, ni ule mwembamba bapa na mwenzake wa umeme, chomoa urudishe mpaka ukae. Ramu nazo zichomoe, futa zile meno za rangi ya dhahabu taratibu na raba ya penseli, pangusa unga wote wa raba, rudisha huku unakandamiza pande zote mbili mpaka vile vishikio vijifunge vyenyewe, usikie mlio. Kama zipo mbili weka moja uwashe, toa weka ya pili uwashe, ndo utajua kama kuna mbovu ni ipi. Angalia pia vile vikopo vidogo vya duara vilivyosimama kwenye mazabodi karibu na prosesa, juu yake vina alama kama msalaba. Vikiwa bapa viko salama. Ukiona kimetuna juu au kimevuja kitu cha kahawia hapo ndo nitakubali kuongea habari za mazabodi.

Na kwa kuwa uko Dodoma na upepo ule, vumbi litakuwa limejaa kwenye feni ya prosesa. Pulizia na blowa ila shika mapanga ya feni na kidole yasizunguke. Pawa saplai usiifungue kabisa, mle ndani umeme unabaki hata kama umechomoa. Na pale nyuma yake kuna kiswichi chekundu kimeandikwa 230, mtu asikisogeze kwenda 115, hiyo ni ya umeme wa Marekani, kwa umeme wetu ukiwasha tu imeungua.

Ikishawaka, kabla ya kufungua hata muziki, chomeka flashi ukopi folda ya Familia yote. Fanya hicho kwanza ndo uendelee kusoma hapa chini. Na wakati inakopi sikiliza diski, ikigonga tik tik tik za kurudiarudia au kopi ikigandaganda nijulishe siku hiyo hiyo, maana diski inayokufa kila ukiiwasha unaipunguzia maisha. Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, inakuonyesha hali ya diski kwa rangi, ikiwa njano angalia mstari wenye namba 05 na wenye C5, hizo ni sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshindwa kusomeka. Ila kama kinachopanda ni C7 peke yake basi mara nyingi ni ule waya tu, unabadilisha waya.

Sasa lile lingine la sauti kupotea na intaneti ya waya kutoshika, ambalo umesema lilianza kabla hata ya safari baada ya Windows kujiapdeti. Hilo nadhani ni draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, lakini usibahatishe, tuhakikishe. Ile flashi nyingine nitakayokutumia nimeiwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaofanya kazi kama ya Windows, unaichomeka, unawasha huku unabonyeza F12 kuchagua iwake kutoka kwenye flashi, na ikishafunguka inafanya kazi hapo hapo bila kugusa diski, we usibonyeze tu ile alama ya kuinstoli. Cheza wimbo. Chomeka waya wa intaneti. Kama sauti inatoka na intaneti inashika basi kadi zako ni nzima na shida iko kwenye Windows, kama hazifanyi hata huko basi huenda kifaa chenyewe ndo chenye tatizo. Mimi hiki kipimo nakipenda kuliko vyote, dakika chache unajua ushike njia ipi na hujanunua kitu wala hujafuta kitu. Na hata Windows ikigoma kabisa kuwaka, kwa flashi hiyo hiyo unaweza kuingia ukakopi picha zote ukazitoa.

Tukijua ni draiva, rudi kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika devmgmt.msc, enta, itafunguka orodha ya vifaa vya mashine. Vyenye alama ya njano ndo vyenye shida. Bofya kimoja mara mbili usome namba ya kosa, 28 maana yake hakina draiva kabisa, 10 kimeshindwa kuanza, 43 Windows imekizima kwasababu chenyewe kimeripoti tatizo. Kwa kuwa lilianza baada ya apdeti, kwanza nenda kwenye Driver ubonyeze Roll Back, inarudisha ile draiva ya zamani, mara nyingi inaishia hapo. Kitufe kikiwa kimefifia hakibonyezeki basi nenda kwenye Details, chagua Hardware Ids, utaona maandishi marefu yana VEN na DEV. VEN ni nani kakitengeneza, 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, na DEV ni kifaa chenyewe hasa. Kwa mfano ukiona VEN_10EC na DEV_8168 hiyo ni kadi ya netiweki ya Realtek. Hapo hutafuti tena draiva ya sauti ya kompyuta ya zamani, unatafuta namba kamili, na unaitafuta kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine au iliyotengeneza hicho kifaa. Zile programu zinazojitangaza zinakutafutia draiva zote kwa mkupuo usizidaunilodi, zinakuja na matakataka mengine na zinabadilisha hata vilivyokuwa vizima, halafu hujui tena kipi kimeharibu. Angalia pia kwa kuandika msinfo32 palepale kwenye Windows na R kama Windows ni ya biti 64 au 32, draiva ya moja haiingii kwenye nyingine.

Intaneti utaitoa wapi wakati kadi haifanyi kazi? Simu yako. Iunge kwa waya wa kuchajia, washa ile ya kugawa intaneti kwa USB, mara nyingi Windows inaikubali bila kuuliza. Zima apdeti kwanza tu isikumalizie bando.

Kila unachobadilisha badilisha kimoja, washa, angalia, andika kwenye daftari, ndo uende kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja ikapona hutajua kilichoiponya, na ikizidi kuumwa hutajua pa kurudi.

Kuhusu kununua nyingine, sioni haja mwaka huu. Ni kweli Windows 10 waliacha kuitolea maboresho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa hiyo mashine haitakubali, inataka prosesa za karibuni na kitu cha usalama kinaitwa TPM 2.0. Ila kwa kazi zako za kuandika na kusoma, tukiiwekea SSD ndogo, ile diski ya kisasa yenye kasi, na hiyo Mint moja kwa moja utamaliza nayo chuo. Hilo tutalifanya ukija likizo, picha zikiwa zimeshatoka.

Mama mdogo wako anapanda Jumamosi na basi la asubuhi, nimempa hiyo flashi, kibetri kimoja cha akiba na bisibisi yangu ndogo, mfuate stendi. Fundi mlipe hela yake ya kuangalia tu na mshukuru vizuri, usigombane naye. Ukifungua kava nipigie picha ya mazabodi kabla hujagusa kitu, na ukiona zile namba za VEN na DEV nitumie nizitafute huku dukani intaneti ni nzuri.

Mama yako