Barua ya malalamiko: modeli ya Garratt daraja la 59, gia zinazopasuka na vipuri visivyouzwa

Nairobi

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi Meneja,

KUH: KASORO ZA MODELI YENU YA GARRATT DARAJA LA 59, SKELI YA 1:87, RELI YA MILIMITA 12

Sisi ni wanunuzi sita wa modeli yenu, mfano mdogo wa injini ya mvuke ya Garratt ya Afrika Mashariki, tuliolipa arbuni kabla haijaanza kutengenezwa, na salio tukalimaliza siku mliyoitangaza kuwa tayari. Injini nne kati ya sita hazitembei. Mbili zilizobaki zinatembea, lakini haziwezi kupita kwenye pointi (mahali njia ya reli inapogawanyika) bila kuanguka. Tulipowaandikia mara ya kwanza mlijibu kwa mistari mitatu kwamba tumeziendesha bila mafuta ya kulainisha. Tangu hapo tumezifungua zote sita, tumezipima kwa vernia (kifaa cha kupimia sehemu ndogo za milimita), na barua hii inaeleza tulichokikuta ndani.

Tuanze na gia, maana ndiyo iliyoziua zile nne. Kila upande wa Garratt yenu una mota yake. Mota inazungusha gia ya parafujo ya shaba, nayo inaisukuma gia ya plastiki iliyopachikwa kwenye ekseli ya tatu. Kutoka hapo vyuma vya pembeni ndivyo vinavyoyavuta magurudumu mengine. Mpango huo hauna ubaya. Ubaya uko kwenye tundu la gia. Ekseli ina kipenyo cha milimita 2.00 na imechongwa michirizi ili ishike. Gia nzima tuliyoichomoa ina tundu la milimita 1.93. Maana yake plastiki imelazimishwa kutanuka kwa milimita 0.07 na kukaa hivyo hivyo mchana na usiku, hali unene wake kati ya tundu na shina la jino haufiki milimita moja. Michirizi nayo inaikata kutoka ndani. Plastiki ya namna hiyo haipasuki siku ya kwanza. Inachoka polepole, kisha inaachia mahali palipo pembamba kuliko pote, yaani katikati ya meno mawili.

Ndivyo ilivyokuwa kwa zote nne: ufa mmoja, ulionyooka, kutoka shina la meno hadi kwenye tundu. Gia iliyokosa mafuta haiwi hivyo. Hiyo huliwa meno, ncha zikachongoka, na chini ya kifuniko ukakuta unga mweupe wa plastiki. Meno ya gia zenu ni mazima kabisa. Na kama hilo halitoshi, mojawapo ya hizo nne ilikuwa haijawahi kuwekwa relini. Ilipasukia ndani ya boksi, ikiwa bado imefungwa kwa karatasi yenu. Hiyo nayo iliendeshwa na nani bila mafuta?

Mkitaka kuhakikisha kwa injini mlizobaki nazo ghalani, si lazima mzifungue. Ilazeni injini chali juu ya sponji, ipeni umeme mdogo, volti 3 hivi, magurudumu yazunguke polepole. Ufa ukishafunguka, nafasi kati ya yale meno mawili inakuwa pana kuliko nyingine, kwa hiyo parafujo inagonga mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu: tak, kimya, tak. Mkisikia mgongano wa haraka haraka, mara nyingi kwa mzunguko mmoja, tatizo ni parafujo au mota yenyewe. Kwetu ni tak moja, kimya, tak moja. Gundi haisaidii, kwa sababu plastiki hii inateleza na haishiki gundi; tulijaribu kwenye gia moja na ilidumu dakika kumi.

Sasa magurudumu. Kwa reli ya milimita 12, nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja inatakiwa iwe takriban milimita 10.2. Katika injini zetu tumepata kuanzia 9.7 hadi 10.1, na ekseli za injini moja hazilingani zenyewe kwa zenyewe. Magurudumu yakibanana hivyo, kwenye njia iliyonyooka huoni kitu. Yakifika kwenye pointi, migongo inakwaruza reli ya ulinzi (kipande kifupi cha reli kinacholiongoza gurudumu), ekseli inasukumwa upande, na gurudumu la jirani linapanda juu ya reli. Tumezijaribu kwenye pointi za watengenezaji wawili tofauti na matokeo ni yale yale, kwa hiyo msitwambie ni pointi zetu.

Mtu angesema: vuteni magurudumu kidogo, mambo yaishe. Kwenye behewa tungefanya hivyo. Kwenye injini ya mvuke, gurudumu la kushoto na la kulia la ekseli moja hupishana kwa robo mzunguko, na ekseli zote nne za upande mmoja lazima zilingane katika robo hiyo. Ukilivuta gurudumu lililopachikwa kwa nguvu, linageuka nyuzi mbili tatu bila wewe kujua, vyuma vya pembeni vinaanza kukaba, na mota inaungua ikijaribu kuvivuta. Kazi hiyo inahitaji kifaa maalumu cha kushikilia ekseli, ambacho kiwanda chenu kinacho na sisi hatuna. Kwa ekseli nane kwa kila injini, hatukubali kuambiwa tujirekebishie.

Kasoro ya tatu ni ndogo lakini inaudhi kuliko zote, kwa sababu ingegharimu senti kuiepuka. Garratt ina sehemu tatu: mashine ya mbele, mashine ya nyuma, na fremu ya katikati isiyo na magurudumu yake, inayobeba bwela (tangi la kuchemshia maji) na kibanda cha dereva, ikiwa imeegemea pini mbili. Hiyo ndiyo siri yote ya Garratt. Bwela halina magurudumu chini yake, kwa hiyo linaweza kunenepa na tanuri likashuka chini, na injini ndefu ikapinda kwenye kona bila shida. Ninyi mmepitisha nyaya sita zenye ganda gumu kutoka mashine ya mbele hadi katikati, zimenyooka na zimekazwa. Injini ikiingia kona, nyaya zinafanya kazi ya springi: zinaisukuma mashine ya mbele irudi katikati na kuinyanyua kidogo. Bogi la mbele (kigari cha magurudumu madogo yanayotangulia), ambalo ni jepesi, ndilo linaloanguka kwanza. Tulizikata nyaya hizo kwenye injini moja tukaisukuma kwa mkono. Ilipita kona ya nusu kipenyo cha milimita 450 bila kusita. Tukaunganisha tena kwa nyaya nyembamba zenye ganda la silikoni, tukiacha kitanzi kidogo juu ya pini, na ikaendelea kupita. Kazi ya nusu saa na kidogo cha risasi ya kulehemu.

Kuhusu sura, haki yenu tunawapa. Injini halisi ilikuwa na urefu wa meta 31.7 hivi, ukigawa kwa 87 unapata milimita 364, na modeli yenu ina 365. Magurudumu makubwa ya injini halisi yalikuwa ya milimita 1,372, kwa hiyo yalitakiwa kuwa 15.8, yenu ni 15.2, na tunaelewa kwamba mliyapunguza ili kingo nene za modeli zisigusane. Hata upana wa reli hatuulalamikii: reli ya mita moja kwa skeli hii ni milimita 11.5, na kila mtu anatumia 12.

Lakini mmeweka rundo la makaa ya mawe kwenye tangi la nyuma. Daraja la 59 zilichoma mafuta mazito. Hakuna fundi aliyepanda juu yake na sepetu. Na kwenye injini namba 5918 mmeandika Mount Kilimanjaro. Beyer Peacock wa Manchester walizijenga injini hizi 34 mwaka 1955 na 1956, Reli na Bandari za Afrika Mashariki wakazipa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na 5918 ni Mount Gelai. Si jambo la kutafuta kwenye kumbukumbu za siri. Iko kwenye Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, bango lake liko pembeni, na mtoto yeyote wa shule aliyepelekwa huko kwa matembezi amelisoma. Kwa bei mliyotoza, na kwa maneno ya tangazo lenu kwamba kila undani umehakikiwa, tulitarajia angalau jina la mlima liwe sahihi.

Mlituambia pia kwamba vipuri havitauzwa kwa sababu soko la modeli za reli nyembamba ni dogo na kiwanda kimekwisha kuhamia kazi nyingine. Tunalijua soko hili. Wanaonunua injini za milimita 12 wengi wao wanafuata reli za mita moja za Uswisi, na anayetaka Garratt ya Afrika Mashariki ni mmoja mmoja. Ndiyo maana mliomba arbuni kabla ya kukata chuma, na ndiyo maana tulikubali kusubiri. Ila udogo wa soko ni sababu ya kuzidisha vipuri, wala si ya kuvinyima. Modeli ya treni ya kawaida ikifa, mtu atapata nyingine ya mkono wa pili na kuichinja vipuri. Hii haina nyingine. Mkishavunja mpangilio wa kiwanda, gia ya shilingi chache inaigeuza injini nzima kuwa pambo la kabati. Mngeagiza gia asilimia kumi zaidi siku ile ile mlipoagiza za kwanza, gharama yake isingeonekana hata kwenye bei ya boksi.

Pendekezo lenu la kurudisha injini kwenu kwa gharama zetu hatulikubali. Nauli ya kifurushi chenye bima ni kubwa, na kikirudi Kenya bila karatasi za kuonyesha kwamba kilitoka kwa matengenezo, forodha hukichukulia kama bidhaa mpya: ushuru upya, na VAT ya asilimia 16 juu yake. Tungelipa mara mbili kwa kosa ambalo si letu.

Kwa hiyo tunaomba mambo yafuatayo ndani ya siku 30 tangu mpate barua hii. Kwa kila injini, mtume ekseli nane zilizokamilika, magurudumu yakiwa yamepachikwa kwa milimita 10.2 na robo mzunguko umeshapangwa kiwandani. Mbili kati yake ziwe na gia mpya. Gia hizo ziwe za shaba, au za plastiki yenye kitovu cha shaba, ili kinachokazwa kwenye ekseli kiwe chuma kwa chuma. Kutuma gia ya plastiki ya aina ile ile ni kutuma ufa mwingine. Nyaya tutabadilisha wenyewe, mradi mtuandikie kwamba kufungua injini kwa kazi hiyo hakufuti dhamana. Mabango ya jina ya 5918 yatumwe pamoja na ekseli. Yanaingia kwenye bahasha. Rundo la makaa limefungwa kwa skrubu mbili, tumeshaling'oa.

Tunahitaji pia mchoro wa sehemu zote wenye namba za vipuri, na kauli yenu ya maandishi kuhusu muda mtakaoviweka ghalani. Ikiwa ekseli haziwezi kutengenezwa, basi turudishiwe fedha zote pamoja na nauli na ushuru, nanyi mtume mchukuzi wenu azichukue injini hapa Nairobi. Siku hizo zikipita bila jibu, kila mmoja wetu ataiandikia benki iliyotoa kadi yake kudai malipo yarudishwe, akiambatisha vipimo na picha hizi hizi.

Tumeambatisha: jedwali la vipimo vya ekseli 48, picha nne za gia zilizopasuka zikiwa zimekuzwa, picha ya bango la 5918 kwenye makumbusho, na nakala za risiti za arbuni na salio.

Wenu,

Wanunuzi sita wa modeli ya daraja la 59
(sahihi na namba za oda ziko kwenye kiambatisho)