Kipande cha babu yangu na mtihani wa historia: barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Jogoo House, Nairobi.

Mheshimiwa, pokea salamu kutoka mtaa wa Kaloleni, hapa Nairobi. Mimi nauza viatu vya mtumba katika soko la Gikomba, na kifungua mimba wangu anafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka huu wa 2026. Jioni nikirudi namkuta mezani na daftari la Historia na Serikali, ameziba masikio kwa vidole, anakariri kwa Kiingereza sababu tano za hiki na matokeo sita ya kile. Nikiinjika maji ya ugali yuko sababu ya pili. Ugali ukiiva amefika ya tano, ya pili imemtoka, anaanza upya.

Mtihani wenyewe nimeuliza mpaka nikauelewa. Karatasi ni mbili, ya kwanza historia na serikali ya Kenya, ya pili Afrika na dunia. Kila moja huchukua saa mbili na nusu na ina alama 100: maswali mafupi alama 25, kisha maswali matatu ya alama 15 kila moja, kisha mawili ya mwisho yenye alama 30. Ukitaja pointi unapata alama moja, ukiieleza unapata mbili. Hesabu hii binti yangu anaijua kuliko anavyomjua Harry Thuku, yule mpinga ukoloni. Simlaumu. Ndivyo anavyopimwa.

Mwezi wa nne, wakati wa likizo, nilimtolea kitu kutoka kwenye sanduku la marehemu baba. Ni kipande cha babu yangu, yaani hati ya kujiandikisha ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kuibeba. Kimo ndani ya kikasha cha chuma chenye tundu la kupitishia kamba, kwa sababu kilivaliwa shingoni. Karatasi iliyo ndani imekuwa ya rangi ya chai na mikunjo yake imeanza kuachana, kwa hiyo tuliifungua juu ya kitambaa, polepole. Kuna alama za vidole. Kuna jina, kabila na mahali alikotoka. Halafu kuna safu za waajiri: tarehe ya kuajiriwa, aina ya kazi, mshahara kwa shilingi, tarehe ya kuachishwa, sahihi. Babu alikuwa mpishi. Mahali pamoja mshahara ni shilingi 14.

Binti yangu alikuwa ameshakariri kipande tangu Kidato cha Tatu. Alijua kwamba sheria ilipitishwa mwaka wa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwamba ilimhusu kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16. Lakini siku hiyo alinyamaza muda mrefu. Alifuata mistari kwa kidole bila kuigusa karatasi, kisha akaniuliza, "Mama, huyu hapa hakutia sahihi. Sasa babu alitokaje kwake?"

Mheshimiwa, mimi sikuwa na jibu. Tulikaa tukalitafuta. Bila sahihi ya kuachishwa, mtu alihesabiwa kuwa ametoroka kazi, na kutoroka kazi lilikuwa kosa la jinai. Mwajiri mwingine hakuruhusiwa kumwandika. Basi ama babu alitoroka na akaishi akijificha, ama tajiri wake alikataa kutia sahihi ili asiondoke. Lakini mstari unaofuata una mwajiri mwingine, miezi saba baadaye. Miezi hiyo saba alikuwa wapi? Alikula nini? Binti yangu alikaa na swali hilo mpaka saa tano usiku. Sijawahi kumwona akisoma historia namna ile.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio. Swali lilihusu malalamiko ya Waafrika enzi za ukoloni, naye akaeleza kwa aya nzima jinsi sahihi moja iliyokosekana ilivyoweza kumfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Alipata sufuri kwenye sehemu hiyo. Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba alichoandika ni kweli, ila hakimo katika mwongozo wa kusahihisha, na kwamba Novemba msahihishaji hatakuwa na muda wa kusoma hadithi. Shule siitaji, wala huyo mwalimu simlaumu, kwa maana anawatafutia wanafunzi wake gredi. Kilichoniumiza ni kumwona binti yangu akirudisha kipande sandukuni na kurudi kwenye pointi zake.

Hilo ndilo linalonifanya nikuandikie. Huyu wangu wa KCSE pengine kwake muda umekwisha. Lakini mdogo wake yuko Gredi ya 10, katika kundi la kwanza kabisa la sekondari pevu, ile ngazi ya juu ya mtaala mpya, na amechagua Historia na Uraia kwenye mkondo wa sayansi za jamii. KCSE ya mwisho ni 2027. Mtihani utakaofuata, wa kina huyu mdogo, ni wa mwaka wa 2028. Mtaala huo mpya, wa umilisi, unasema mtoto apimwe kwa anachoweza kufanya. Katika historia, kufanya ni kushika ushahidi, kuusoma, kuutilia shaka na kuuliza kilichokosekana. Kama karatasi ya 2028 itauliza taja tatu, eleza sita, walimu watafundisha taja tatu, eleza sita, hata vitabu vibadilishwe majalada mara kumi.

Ninaomba jambo moja, Mheshimiwa. Katika mtihani huo wa historia pawe na sehemu ya lazima ambamo mtahiniwa anawekewa nyaraka mbele yake, iwe barua, picha, tangazo la serikali, ukurasa wa gazeti la zamani au kipande, aisome na kuieleza, na apewe alama kwa hoja anayoijenga, hata kama haimo kwenye orodha ya msahihishaji. Afrika Kusini wanafanya hivyo katika mtihani wao wa kumaliza sekondari: maswali ya vyanzo yapo pamoja na ya insha. Najua usahihishaji wake ni mgumu zaidi na walimu watahitaji mafunzo. Mafunzo hayo yaanze sasa, maana miaka miwili si mingi.

Nairobi hii haina uhaba wa vyanzo. Hapa mtaani kwetu upo ukumbi wa Kaloleni, ambako tarehe 23 Aprili 1950 Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama akataka uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wiki tatu baadaye alikamatwa, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Watoto hupita pale kila siku wakienda dukani. Ile njia ya karibu na hoteli ya Norfolk ndipo polisi walipowafyatulia risasi watu waliokuja kudai Harry Thuku aachiliwe, tarehe 16 Machi 1922, na Mary Muthoni Nyanjiru akafa pale baada ya kuwakemea wanaume kwamba wampe suruali zao wao wavae gauni lake. Na mitaa hii yetu ya Eastlands ilizingirwa Aprili 1954 katika Operesheni Anvil, msako wa Waingereza dhidi ya Mau Mau, watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa kizuizini.

Jumamosi moja nilifunga kibanda mapema nikampeleka binti yangu Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue. Tulishuka Muthurwa tukatembea. Alitazama mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, na tulipotoka tukasimama penye sanamu ya waziri Tom Mboya, karibu na alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Aliniambia kwamba katika miaka yake minne ya sekondari hakuna aliyewahi kuwaleta hapo. Kutoka Kaloleni ni mwendo wa matatu moja.

Kipande cha babu ninacho bado. Nimekifunga kwa kitambaa safi, na swali la ile miezi saba binti yangu ameliandika kwenye karatasi ndogo akaliweka pamoja nacho. Ukitaka kukiona, nitakileta Jogoo House siku yoyote isipokuwa Jumamosi, ambayo ni siku yetu ya soko.

Ni mimi,
Mama wa mtahiniwa, Kaloleni.