Moto wa Kilimanjaro tuuhesabu kwa maji

Mhariri,

Kila moto unapozuka Mlima Kilimanjaro, swali la kwanza ni watalii: wako salama, njia zimefungwa? Ilikuwa hivyo Oktoba 2020, moto ulipoanzia Whona, kati ya vituo vya wapandaji vya Mandara na Horombo, ukateketeza zaidi ya kilomita za mraba 90. Ikawa hivyo tena Oktoba 2022, ulipowaka karibu na kambi ya Karanga, mwaka ambao vuli ilichelewa hadi Dar es Salaam wakaingia kwenye mgao wa maji. Mbona maji yetu sisi wa chini ya mlima hayaulizwi?

Theluji tumeililia vya kutosha. Mtafiti Andreas Hemp alishaonyesha mwaka 2005 kwamba moto unaokula misitu ya juu unatunyima maji mengi kuliko kuyeyuka kwa barafu. Panda hadi kwenye erika, miti ya misitu hiyo ya juu, asubuhi yenye ukungu ujionee. Mvua hakuna, lakini matawi yenye ndevu za kuvumwani yanadondosha maji mpaka shati linalowa. Wakati wa kiangazi hiyo ndiyo mvua yetu. Sasa erika ina mafuta, inashika moto hata ikiwa mbichi, sembuse ukame ukishaikausha. Ikiungua mara kwa mara, pale penye msitu panabaki vichaka, na ukungu unapita zake.

Maji hayo ndiyo ya mifereji ya vihambani, mashamba yetu ya migomba na kahawa, na ya mpunga wa Lower Moshi. Ndiyo yanayosaidia kulijaza bwawa la Nyumba ya Mungu na kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale. Kwa hiyo kuulinda mlima kusiwe mzigo wa hifadhi peke yake. Mwaka 2020 walipanda hata wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanavijiji, wengine wakiupiga moto kwa matawi. Nawapongeza, ila ujasiri huo haukupaswa kuhitajika.

Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani hutoza ada za matumizi ya maji. Sehemu ya fedha hizo ipande mlimani: barabara za kuzuia moto zifyekwe, vikundi vya vijiji vinavyopakana na msitu vipewe viatu, majembe na redio, na warina asali wapatiwe mabomba ya moshi waachane na mienge. (Mabango ya kukataza moto tunayo tele.) Na posho za vikundi hivyo zitoke mwezi wa nane, si moto ukishafika Horombo.

Msomaji wako,
Moshi