Jina la tovuti lipimwe kwa sikio kabla ya kusajiliwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wengi wanaofungua tovuti au blogu hulimaliza kwa dakika tano, kisha wakalijutia kwa miaka: uchaguzi wa jina la kikoa, yaani ile anwani anayoiandika msomaji ili akufikie.

Ushauri unaorudiwa kila mara ni kwamba jina liwe fupi, nao si mbaya, kwani mfumo unaruhusu hadi herufi 63 kabla ya nukta na hakuna msomaji atakayevumilia kuandika hata nusu yake. Hata hivyo, ufupi peke yake hautoshi. Blogu yangu ya kwanza, iliyohusu bustani, niliisajili kwa jina la 2lime, nikiiga uandishi wa ujumbe wa simu ambamo tarakimu 2 husimama badala ya "tu". Kwa jicho lilipendeza. Nikilitaja kwa mdomo, kila aliyenisikia aliandika "tulime", kisha akarudi kuniambia kwamba tovuti haipo. Nilichoka kueleza kuwa "tu" yangu ni ya namba, nikaliacha jina lile kabla mwaka haujaisha. Kistari nacho kina ila hiyohiyo, maana jina likitamkwa hakisikiki.

Hapa Kiswahili kinatupa faida tusiyoitumia ipasavyo, kwa kuwa maneno yetu huandikwa kama yanavyotamkwa, na anayelisikia jina vizuri ana nafasi kubwa ya kuliandika sawasawa. Mitego ipo, lakini. Anwani haina nafasi kati ya neno na neno, na maneno yakigandana huweza kuzaa mengine: aliyekusudia "maua jioni" hupata mauajioni, na jicho la mgeni husoma kwanza "mauaji". Herufi kubwa zitamsaidia kwenye bango tu, kwani mfumo hautofautishi herufi kubwa na ndogo, na kivinjari huonyesha jina lote kwa herufi ndogo. Vilevile, neno la kwanza likiishia kwa irabu ileile inayoanza neno la pili, kama katika "sauti imara", msikilizaji hubaki akijiuliza aandike i moja au mbili.

Kuhusu kiishio nitasema machache. Kile cha .com kipo tangu 1985 na ndicho vidole vya watu hukikimbilia bila kufikiri, kwa hiyo ikiwa jina ulilolipenda tayari lina mwenyewe huko, naona ni heri kutafuta jingine kuliko kumpelekea yeye wageni wako. Viishio vya herufi mbili ni vya nchi na maeneo, na huweza kufuata hatima yake: .yu ya Yugoslavia ilifungwa mwaka 2010, na waliokuwa wakiitumia walilazimika kuhama.

Kabla ya kulipia, mpigie simu mtu asiyejua mpango wako, umtajie jina mara moja bila kulifafanua, kisha umwombe akutumie alichoandika. Jina ninalotumia sasa lilikuwa la nne kujaribiwa kwa njia hiyo. Matatu ya kwanza yalirudi yameandikwa vingine, moja kwa namna ambayo hadi leo sijaielewa.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi.