Barua ya Malalamiko: Mlifunga Jengo la Abiria Nasi Bado Hatujaondoka

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni inayoendesha kiwanja cha ndege cha pwani.

YAH: ABIRIA KUTOLEWA NJE USIKU NA KITI CHA MAGURUDUMU CHA MAMA YANGU KUFUNGIWA NDANI

Ndugu Meneja,

Hii ni mara ya pili nawaandikia. Malalamiko ya kwanza niliyatuma kupitia fomu ya tovuti yenu kesho yake baada ya mkasa, nikajibiwa kwa mistari mitatu: mnasikitikia usumbufu, hali ya hewa iko nje ya uwezo wenu, na habari za safari kuahirishwa nizipeleke kwa shirika la ndege. Sikulalamikia hali ya hewa. Wala sikulalamikia kuahirishwa kwa safari. Kwa hiyo naeleza upya, tangu mwanzo, na nakuomba uisome barua hii mwenyewe.

Mimi ni mhasibu. Nafunga hesabu za nyumba za wageni kadhaa za ukanda huo, na kwa miaka sita sasa nimepita kiwanjani kwenu mara nne kwa mwaka, msimu wa wageni na nje ya msimu. Nakijua kiwanja chenu kikiwa kimefurika, watu wamekaa sakafuni na masanduku yao hadi mlango wa choo, na nakijua kikiwa kitupu, kaunta tatu kati ya nne zimefunikwa maturubai. Safari hii nilikuja na mama yangu mzazi, ana miaka 74. Alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na tangu hapo hawezi kwenda zaidi ya hatua chache bila kiti chake. Alitaka kukaa wiki mbili karibu na bahari huku mimi nikimaliza kazi. Alizifurahia sana siku zake hizo.

Tulikuwa tuondoke Jumanne ya mwisho ya Oktoba. Siku hiyo ina maana katika malalamiko yangu. Ratiba za ndege duniani hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na ninyi mlikuwa mmebadilisha saa zenu za kazi siku mbili tu kabla. Hadi Jumamosi jengo lilikuwa likifungwa saa 4:00 usiku. Kuanzia Jumapili likawa linafungwa saa 1:30 usiku. Tangazo la mabadiliko hayo nililiona baadaye, karatasi moja iliyobandikwa kwenye kioo cha mlango kwa upande wa ndani. Aliye nje anaona mgongo wake tu.

Ndege yetu ilikuwa iondoke saa 12:20 jioni. Tulifika mapema, tukajiandikisha, kiti cha mama kikafungwa lebo na kupelekwa chumba cha mizigo pamoja na masanduku, naye akapewa kiti cha kiwanja kumpeleka chumba cha kusubiria. Hapo sina lawama. Kijana aliyemsukuma alikuwa mpole na alijua kazi yake. Alimgeuza mama akampitisha mlangoni kinyumenyume ili magurudumu yasigonge kizingiti.

Kisha ukungu ukaingia kutoka baharini. Ndege ilichelewa, lakini ilikuja. Ilipokaribia saa 1:00 usiku tukausikia mlio wake ukipita juu ya paa, ukaenda, ukarudi, ukapita tena. Watoto walikimbilia dirishani. Nje kulikuwa na weupe mtupu. Kati ya taa za ukingoni mwa njia ya kurukia zilizoonekana ni mbili za karibu, ya tatu ilikuwa imemezwa. Mlio ukapanda, ukapungua, ukapotea. Rubani alifanya alivyopaswa kufanya. Viwanja vidogo vingi havina mitambo ya kumshusha rubani hadi karibu kabisa na ardhi, na akifika kimo cha mwisho alichoruhusiwa bila kuiona njia, ni lazima apande tena. Afadhali kulala njiani kuliko rubani kubahatisha. Naliandika hili ili lisirudiwe katika jibu lenu lijalo: juu ya ndege kutotua, sina neno na mtu yeyote.

Neno langu linaanza saa 1:10. Hakuna tangazo lililotolewa. Kipaza sauti kipo, maana jioni ile ile kilikuwa kimetukumbusha mara tatu tusiache mizigo yetu bila mwangalizi. Alikuja mhudumu mmoja, akasema chumba cha kusubiria kinafungwa, tutoke tukasubiri ukumbini. Tulikuwa abiria 31. Tukatoka. Saa 1:25 akarudi akasema na ukumbi nao unafungwa, tusubiri nje, shirika la ndege litatuma gari. Tukamuuliza litafika saa ngapi. Hakujua, na kwa haki hakuwa na namna ya kujua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kwenye kaunta, yeye ndiye aliyekagua kadi za kupandia, na sasa yeye ndiye aliyeachiwa funguo. Msimu ukiisha mnawaachisha wafanyakazi wa mkataba, na aliyebaki anabebeshwa kazi za watu wanne. Simlaumu yeye. Nawalaumu mliompangia zamu hiyo.

Ndipo likaja suala la kiti. Yule mhudumu alimwambia mama, kwa sauti ya chini na bila kumtazama, kwamba kiti alichokalia ni mali ya kiwanja na hakiruhusiwi kuvuka mlango wa nje. Nikasema sawa, tupeni chake. Akasema chumba cha mizigo kimeshafungwa, ufunguo anao mtu wa mizigo, na zamu ya mtu wa mizigo imekwisha. Nikaomba apigiwe simu. Ikapigwa mara moja, haikupokelewa. Saa 1:30 kamili taa za ukumbi zikazimwa sisi tukiwa bado tunambishia.

Nilimtoa mama nje nikiwa nimemshika kwapani, abiria mwingine nisiyemfahamu akimshika upande wa pili. Hatua kutoka pale kiti kilipoachwa hadi nje ya mlango nilizihesabu kesho yake: ni 22. Nje hakuna benchi. Kuna toroli za mizigo zilizofungwa kwa mnyororo, na moja tu iliyokuwa huru. Tulimkalisha mama yangu juu ya toroli ya mizigo, nikakunja koti langu likawa mto, nikaliegemeza gurudumu kwa mguu wangu lisije likabingirika kwenye mteremko wa barabara. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nywele zake zililowa kama aliyenyeshewa. Alikaa hivyo hadi saa 3:50 usiku. Hesabu mwenyewe, Ndugu Meneja: saa mbili na dakika 20.

Vyoo vya umma pale kiwanjani viko ndani ya jengo. Sitaandika zaidi juu ya hilo kwa heshima ya mama yangu, ila ujue kwamba kati yetu walikuwepo wazee wengine wawili na mtoto mchanga mmoja, na kila mmoja wa watu 31 alikumbana na shida hiyo kwa namna yake gizani.

Aliyetusaidia ni mlinzi wa geti la magari. Alitoka kibandani kwake na kiti cha plastiki, kile anachokalia yeye zamu nzima, akasema, “Mama, kaa hapa, mimi nimezoea kusimama.” Mama alikataa kwanza kwa sababu nyonga yake haikubali kiti kifupi kisicho na mikono, kisha alijaribu, akashindwa, akarudi kwenye toroli. Mlinzi akampa mwenye mtoto mchanga. Akaleta pia chupa ya chai yake na kikombe kimoja, tukapokezana. Nasikia walinzi hawaruhusiwi kuacha kibanda. Naomba kwa dhati asiulizwe wala asiadhibiwe kwa jambo hilo. Usiku ule, katika watu wote wanaovaa nembo yenu, ni yeye peke yake aliyetutambua kuwa ni abiria.

Kesho yake saa 2:40 asubuhi kiti cha mama kilitolewa chumba cha mizigo. Lebo ya safari ilikuwa bado inaning’inia kwenye mkono wake wa kulia. Kilikuwa kimesimamishwa nyuma tu ya mlango. Mtu yeyote mwenye ufunguo angekitoa kwa dakika moja.

Sasa nieleze kwa nini barua hii naileta kwenu na siipeleki kwa shirika la ndege. Kuchelewa kwa msafiri na kwa mzigo ni habari za mchukuzi, yaani shirika la ndege lenyewe. Mkataba wa Montreal wa 1999 unaeleza wajibu wake, na kama nina dai huko nitalipeleka huko. Lakini shirika la ndege halina ufunguo wa jengo lenu. Halipangi zamu za watu wenu wa mizigo. Meneja wake wa kituo ameniambia kwamba saa 12:50 jioni aliomba kiwanja kiongezewe muda wa kazi ili ndege ijaribu tena kutua ukungu ukipungua. Mhudumu wenu alituambia ombi hilo halikuwahi kufika. Mmoja wa hao wawili amekosea. Kumbukumbu za maombi ya kuongezewa muda mnazo ninyi, na nataka kuonyeshwa ya jioni ile.

Nimejisomea pia, maana jibu la mistari mitatu liliniudhi. Kwenye tiketi zangu kuna mstari wa tozo ya huduma ya abiria, ambayo shirika la ndege hukusanya na kuwapa ninyi. Nimeiweka tiketi ya Agosti kando ya tiketi ya Oktoba, kiasi ni kilekile. Sera ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, inataka tozo za viwanja ziendane na gharama ya huduma inayotolewa, ziwe wazi, na watumiaji washauriwe. Mwezi wa Agosti tozo hiyo ilinipatia taa, choo, kiti na mtu wa kumuuliza. Jumanne ile, kuanzia saa 1:30, ilinipatia mlango uliofungwa. Mkitaka kupunguza huduma nje ya msimu, semeni wazi ni ipi mnaipunguza, na mpunguze na tozo.

Juu ya mama yangu, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 9, unazungumzia kufikika kwa usafiri na majengo yanayotumiwa na umma. Huko Umoja wa Ulaya walikwenda mbali zaidi: Kanuni namba 1107 ya mwaka huo huo wa 2006 iliweka jukumu la kumhudumia abiria mwenye ulemavu kiwanjani mikononi mwa mwendeshaji wa kiwanja, ili asirushwe huku na huku kati ya kiwanja na shirika la ndege. Kanuni hiyo haiwabani ninyi. Lakini inaonyesha kwamba wengine waliliona tatizo hili hili la “nenda kule” zamani, wakalimaliza kwa kumtaja mtu mmoja mwenye jukumu.

Ninachotaka ni hiki. Utoke waraka wa maandishi kwa wafanyakazi wenu wote kwamba jengo la abiria halifungwi, saa iwe yoyote, hadi abiria wa safari ya mwisho awe ameondoka kwa ndege, kwa gari lililotumwa kumchukua, au kwa hiari yake. Sisemi muache njia ya kurukia wazi na kikosi cha zimamoto kikeshe. Najua hiyo ni gharama kubwa kwa kiwanja kidogo. Nasema ukumbi, taa, choo na mtu mmoja. La pili, kiti cha magurudumu cha abiria kisiingizwe chumba cha mizigo kabla ndege haijagusa ardhi, na ufunguo wa chumba hicho usiondoke kiwanjani abiria wakiwepo. Hata mkiniambia mengine yote yatasubiri bajeti ya mwaka ujao, hili halihitaji bajeti. Saa za kufunga nazo ziandikwe mahali abiria anaweza kuzisoma akiwa nje, na shirika la ndege lizitume pamoja na tiketi.

Pia nataka mama yangu aandikiwe barua ya kuombwa radhi, yenye jina lake na yenye kutaja kilichotendeka. Sitaki neno “usumbufu” lionekane humo. Fidia ya fedha siiombi kwa ajili yake, amenikataza. Naomba tu nirudishiwe gharama za teksi na chumba cha usiku ule, kwa kuwa gari la shirika lilipofika halikuwa na nafasi ya kumketisha mtu asiyeweza kukunja nyonga, tukalazimika kutafuta usafiri wetu. Stakabadhi zote mbili nimeziambatisha, pamoja na nakala ya lebo ya kiti, kadi zetu za kupandia ndege, na picha mbili zilizopigwa na abiria mwenzetu saa 2:05 usiku. Ya pili inamwonyesha mama yangu juu ya toroli. Aliniruhusu kuituma kwako tu, na nakuomba isizunguke ofisini.

Majibu nayasubiri kwa maandishi ndani ya siku 21. Yakikosekana, nitapeleka jalada hili kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na abiria wenzangu 11 wamekwisha kunipa sahihi zao.

Januari nitarudi kufunga hesabu za robo ya mwaka, na ndege iliyopo ni ya jioni, ile ile. Mama ameniuliza kama atakuja nami, kwa sababu anataka kuiona bahari tena. Nimemwambia asubiri kwanza barua yenu.

Wako mwaminifu,
Abiria wa safari ya jioni, kwa niaba yangu na ya mama yangu mzazi