Ile 850,000 ya kikoba: tulipofikia

Habari za jioni wanakikundi. Jamani ile laki nane na nusu haijaliwa na mtu, naona maneno yameanza kuzunguka pembeni, mweka hazina msimguse. Keshia wa benki ndo aligeuza tarakimu mbili za mwisho za namba ya akaunti yetu wakati anaingiza, hela ikaenda akaunti ya mtu mwingine, na kopi ya slipu tunayo, namba yetu imeandikwa vizuri kabisa na muhuri wao juu. Leo tumepeleka barua, watia saini wetu wote watatu wamesaini, tumeambatanisha slipu na stetimenti, na nimekataa kuondoka kaunta mpaka kopi yetu igongwe "imepokelewa", maana simu tu wanakwambia tunalifanyia kazi halafu kimya. Meneja anasema lazima wampate kwanza yule mwenye akaunti, sawa, ila hilo ni lao sio letu. Wakizungusha tunaenda dawati la malalamiko Benki Kuu, pale Mwanza ofisi ipo, ila lazima uanzie benki yako kwanza. Mikopo ya mwezi huu inasubiri kidogo. Mama Neema, ile ya ada ya mtoto tuongee pembeni.