Malalamiko: ripoti ya bili zisizolipwa hailingani na akaunti ya wadai

Idara ya Hesabu,
Arusha.
10 Machi 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: RIPOTI YA BILI ZISIZOLIPWA KUTOA TAKWIMU ZISIZO SAHIHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunatumia programu yenu ya uhasibu kutunza hesabu za biashara ya kusafirisha watalii. Wanaotudai ni wengi na wa kila aina: maduka ya vipuri, vituo vya mafuta, loji, kampuni ya ulinzi. Ripoti ya bili zisizolipwa ndiyo inayotuambia nani anatudai, kiasi gani na tangu lini, na jumla yake inapaswa kulingana na salio la akaunti ya wadai kwenye daftari kuu kwa tarehe ileile. Hailingani. Kila tukiuliza, dawati lenu la msaada linatujibu kwamba faili la data limeharibika na tulijenge upya.

Jibu hilo hatulikubali. Faili tumelijenga upya na tofauti imebaki ileile hadi shilingi ya mwisho. Zaidi ya hapo, tofauti yenyewe kwa tarehe 31 Desemba 2024 ni sawasawa na jumla ya bili za Desemba zilizolipwa Januari na Februari. Faili bovu halitoi tofauti inayopatana hivyo na orodha ya malipo. Ripoti haiangalii tarehe tuliyoiandika. Inaangalia kama bili iko wazi leo. Bili iliyokwisha kulipwa leo inafutika hata kwenye ripoti ya mwezi ambao ilikuwa bado deni.

Mnaweza kuliona hilo kwenye kampuni ya mfano inayokuja na programu. Ingizeni bili ya vipuri ya tarehe 18 Desemba, shilingi 2,000,000 pamoja na VAT ya asilimia 18, yaani 2,360,000. Toeni ripoti ya 31 Desemba: bili ipo. Kisha ilipeni kwa tarehe 9 Januari, mtoe tena ripoti ileile ya 31 Desemba bila kugusa kitu kingine. Bili haipo, na jumla imepungua kwa 2,360,000. Fungueni urari (orodha ya masalio ya akaunti zote) wa 31 Desemba: akaunti ya wadai bado ina hizo 2,360,000, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mkaguzi anayekuja Machi akipewa karatasi hizi mbili atauliza deni limekwenda wapi, na benki iliyoombwa mkopo itaona madeni madogo kuliko yaliyoko kwenye mizania.

Tatizo la pili ni la kodi ya zuio, ile tunayomkata msambazaji na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), na hili ndilo linalotoa fedha mfukoni. Chukueni ankara ya ulinzi ya shilingi 1,000,000, na VAT 180,000. Kwa huduma ya mkazi tunazuia asilimia 5 ya kiasi kabla ya VAT, yaani 50,000, ambazo zinakwenda TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kampuni ya ulinzi inapokea 1,130,000 na hati ya kodi iliyozuiwa, na hapo haitudai kitu. Lakini dirisha lenu la kulipa bili linakubali akaunti moja tu, ya benki au ya fedha taslimu. Zile 50,000 zinabaki wazi kwenye bili, zinasogea kutoka safu ya siku 30 hadi 60, hadi zaidi ya 90, na karani wa malipo anayefuata orodha anazilipa. Shilingi zilezile zinakuwa zimetoka mara mbili: TRA na kwa msambazaji.

Dawati lenu lilishauri tuzifunge kwa jono, yaani ingizo la moja kwa moja kwenye daftari kuu. Jono linapunguza akaunti ya wadai ndiyo, ila programu hairuhusu kuliunganisha na bili husika, kwa hiyo ripoti inaonyesha 50,000 za deni na chini yake 50,000 zenye alama ya kutoa. Jina la msambazaji likisahaulika kwenye jono, mstari wa pili hauonekani kabisa kwenye ripoti, na daftari kuu linazidi kutengana nayo. Njia inayofanya kazi ni kredit noti (hati ya kupunguza deni la bili) ya 50,000 inayokwenda akaunti ya kodi ya zuio, kisha kuitumia kwenye bili. Hata hapo kuna mtego: fomu yenu inaweka VAT yenyewe kwenye kila mstari. Msimbo wa VAT usipobadilishwa kwa mkono, programu inachukulia 7,627 kati ya hizo 50,000 kuwa VAT, na ritani ya VAT ya mwezi inaharibika.

Malipo yanayoingizwa kupitia dirisha la benki badala ya dirisha la kulipa bili nayo yanapokelewa moja kwa moja kwenye akaunti ya wadai, bila onyo lolote kwamba msambazaji huyo ana bili wazi. Jumla inakuwa sahihi, mistari inakuwa ya uongo, na bili inabaki kwenye orodha ya kulipwa. Kwenye bili za dola za loji, tofauti ndogo za kiwango cha kubadilisha fedha zinabaki wazi vilevile.

Kwa sasa tarakimu tunayoiamini ni ya leja ya msambazaji mmojammoja, iliyokatwa kwa tarehe na kulinganishwa na stetimenti yake. Ni kazi ambayo programu iliuzwa kwa ahadi ya kutuondolea.

Tunaomba ripoti ikokotoe salio la kila bili kwa tarehe iliyoandikwa, yaani ihesabu malipo na kredit noti za hadi siku hiyo tu. Dirisha la kulipa bili liwe na mstari wa kodi ya zuio unaofunga bili papo hapo. Jono lolote linalogusa akaunti ya wadai likataliwe kama halina jina la msambazaji. Marekebisho ya ripoti ndiyo ya haraka kuliko yote, na hadi yatakapotoka, wekeni onyo juu ya ripoti yenyewe ili wateja wengine wasiikabidhi kwa wakaguzi.

Tumeambatanisha ripoti mbili za 31 Desemba, moja ya kabla na nyingine ya baada ya malipo ya Januari, pamoja na urari wa tarehe hiyo. Tunaomba majibu ya maandishi kutoka kwa mafundi wanaotengeneza programu, kabla hatujafunga hesabu za Machi.

Wenu katika kazi,

Idara ya Hesabu